Pesa za Sanda Zilizoitwa Zangu

Kama umekaa kwenye korido ya hospitali na mapajani una fomu ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, inayokuuliza una nini benki, weka kalamu chini kwanza usome haya. Mimi yangu niliijaza kwa mdomo, maana mikono ilikuwa imekufa. Nilijibu kila swali kwa ukweli, na ukweli huo nusura unipokonye mwanangu.

Sasa nakaa mwenyewe bila mto wa kuniegemeza. Natembea na fremu kutoka kitandani mpaka jikoni, na haya nayachapa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Ubaya wenyewe umepita. Hasira haijapita, na sijaiomba ipite.

Naitwa Salha. Nina miaka ishirini na tisa. Nilizaliwa Unguja, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa, nikaja London. Tunakaa Barking, mimi na mume wangu Nassor na binti yetu Ilham, ambaye nilipoanza kuumwa alikuwa na miezi saba na meno mawili. Nassor anafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, upande wa pili kabisa wa jiji. Mimi kabla ya kujifungua nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani, wale tunaowaita makea. Naingia nyumba ya mzee, namwosha, namvisha, namlisha, dakika kumi na tano, natoka nakimbilia basi. Nilidhani kazi ile naijua. Kumbe nilikuwa naijua kwa upande wa aliyesimama tu.

Majani ya miti yalikuwa yameanza kuanguka. Tumbo liliniharisha siku tatu, likapoa, nikasahau. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, kama nimevaa soksi zilizojaa mchanga. Nikasema uchovu. Jumatano nikaanguka kwenye ngazi na kapu la nguo, na nilipotaka kuinuka magoti yakanikatalia. Tulikaa chumba cha kusubiri cha dharura saa tisa, Ilham akinyonya chini ya mtandio wangu, na mwisho kijana mmoja mwenye kibandiko cha jina akaniuliza, "Umejifungua karibuni?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nikapumzike.

Kesho yake Nassor alinibeba mgongoni mpaka kwenye teksi. Safari hii hawakutuweka saa tisa.

Ugonjwa wenyewe una jina la Kifaransa na mimi sitakufundisha, hilo waachie wao. Nitakwambia tu unavyopanda. Leo uko magotini, kesho uko kiunoni, keshokutwa unashindwa kushika kijiko. Walinitundikia chupa za dawa siku tano, chupa moja kila siku, na mimi nikawa nahesabu siku kwa chupa. Maziwa yalijaa mpaka kifua kikawa jiwe, mikono ya kukamulia sina, na mtoto hakuruhusiwa kuyanywa kwa sababu ya madawa. Nesi mmoja Mfilipino alikuwa anapita kila baada ya saa nne, anavuta pazia, ananikamua mwenyewe kwa pampu. Haongei. Akimaliza anakwenda kuyamwaga kwenye sinki, na siku zote alikuwa anafungua bomba kwanza ili nisisikie. Mungu amlipe kwa lile bomba.

Siku ya tatu ya chupa pumzi ikaanza kuwa fupi. Daktari akaja akasema watanilaza usingizi na kunitia mpira kooni ili mashine inipumulie. Nikamuuliza nitaamka? Akasema wengi huamka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nataka ulielewe vizuri kwa sababu unaweza kulifanya na wewe.

Sisi wanawake wa Unguja, Pemba na Mombasa tunaokaa mashariki ya London tuna mfuko tunaouita pesa za sanda. Kila mmoja anatoa pauni kumi kwa mwezi. Akifa mwanachama, au mumewe, au mtoto wake, mfuko unalipa gari, kaburi, kuoshwa, kila kitu. Kaburi katika jiji hili bei yake ni ya gari. Tulianza baada ya maiti ya dada mmoja kukaa kwenye baridi siku tisa huku watu wanapitisha mfuko wa plastiki msikitini. Mwenyekiti wetu ni Bi Zuhura, mama wa miaka sitini na nane ambaye ndiye anayetuoshea maiti zetu. Benki ilitaka katiba na watia sahihi ndipo itufungulie akaunti, na akina mama wakacheka. "Katiba ya nini, tunaunda serikali?" Basi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikijua mambo ya simu na benki, nikafungua akaunti ya pili kwa jina langu, pesa za sanda zikakaa humo. Miaka saba. Bi Zuhura anatia tiki kwenye daftari, mimi natunza. Siku ile ninayotiwa mpira zilikuwa zimefika elfu thelathini na moja.

Kwetu mtu akikiona kifo anatoa amana za watu kwanza, ndipo anazungumza ya kwake. Hakuna aliyenifundisha hilo, nimekua nikiliona. Baba yangu alipokuwa anakata roho alitaja cherehani ya jirani iliyokuwa chini ya kitanda chake kabla hajatutaja sisi wanawe. Na mimi nikamwambia Nassor, kwa sauti niliyokuwa nayo, "Pesa za watu. Zipeleke kwa Bi Zuhura. Sasa hivi, nizione zikienda."

Alichukua kidole gumba changu akakibandika kwenye simu. Benki haikukubali zote kwa mara moja, tukazituma mara tano. Nikaona mstari wa mwisho umekwenda, nikapiga shahada, wakanilaza.

Niliamka baada ya siku kumi na tisa. Nje mti uliokuwa na majani hauna hata moja. Nilikuwa na shimo kooni, na kilichokuwa kikifanya kazi ni macho na shingo kidogo. Mapaja yangu yalikuwa yamekwisha, ngozi inaning'inia kama ya kuku aliyechemshwa sana. Nywele zilitoka kwa mafundo kwenye mto. Ilham alikuwa Hayes kwa wifi yangu Mwana, dada yake Nassor, ambaye hana mtoto na alimpokea bila ya kuulizwa mara mbili.

Miezi ya baridi niliimaliza kwenye wadi ya mazoezi. Mpira wa koo uliondolewa wiki ya theluji. Nilirudishiwa sauti, kisha mabega, kisha viwiko. Miguu ilianza kutikisika lakini hisia haikurudi. Nilikuwa nanyanyuliwa kwa winchi, nikining'inia kwenye kitambaa kama mzigo bandarini, na makea wawili wananiongoza wakizungumza mambo ya shifti zao. Na mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Niliwazungumzia wazee juu ya vichwa vyao, miaka minne.

Halafu wakaja kupima. Kuna kikao kimoja kinakaa kuamua kama ugonjwa wako ni wa hospitali au ni wa kaunsili. Ukiwa wa hospitali hulipi kitu, wanakutunza bure hata ukiwa tajiri. Ukiwa wa kaunsili wanaangalia unacho nini. Kwa kuwa nilikuwa napumua mwenyewe na kumeza mwenyewe, wakasema mimi si wa hospitali tena. Nilipokuwa karibu na kufa nilikuwa bure. Nilipopata nafuu nikawa na bei.

Aliyekuja kwa ajili ya pesa alikuwa mama wa kaunsili wa makamo, Mhindi, amevaa koti la mvua na anavuta begi la magurudumu. Alitoa karatasi zangu za benki. Mistari mitano ilikuwa imepakwa rangi ya njano.

"Hizi elfu thelathini na moja," alisema kwa Kiingereza, "zilikwenda kwa nani?"

"Kwa Bi Zuhura."

"Ni nani wako?"

"Si wangu. Ni mwenyekiti."

"Wa nini?"

"Wa sanda."

Nassor akajaribu kuieleza sanda. Alisema ni shuka nyeupe. Mama yule akaandika shuka.

"Ulizitoa siku tatu baada ya kulazwa," akasema. "Maana yake ulikuwa unajua kwamba utahitaji kuhudumiwa."

"Nilikuwa najua kwamba nitakufa."

Na hilo akaliandika.

Kisha akatueleza kanuni, polepole, kama mtu aliyewahi kuieleza mara nyingi. Ukiwa na zaidi ya elfu ishirini na tatu na kidogo, unajilipia huduma yote mwenyewe mpaka zishuke. Nyumba unayoishi hawaigusi, mshahara wa mume hawauangalii, wanaangalia zako tu. Lakini wakiona ulikuwa nazo ukazitoa kwa makusudi ili usilipe, wanahesabu kama vile bado unazo. Yaani pesa ambazo hazijawahi kuwa zangu hata siku moja zilihesabiwa kwanza kuwa ni zangu, halafu zikahesabiwa kuwa bado ninazo. Mimi nilihitaji makea wawili mara nne kwa siku. Bei yake kwa wiki ilizidi anachopata Nassor kwa mwezi mzima ukitoa kodi ya nyumba.

Nikamgeuzia Nassor shingo, maana ndiyo iliyokuwa ikigeuka, nikasema kwa Kiswahili, "Huyu mama roho yake kavu kama papa aliyeanikwa."

"Roho yangu si kavu," akasema yule mama kwa Kiswahili, bila ya kuinua macho. "Fomu ndiyo kavu. Mimi ni mtu wa Kisumu, siku hizi naishi Southall. Papa pia najua."

Nassor aliangalia viatu vyake. Mimi sikuwa na namna ya kuangalia viatu.

"Sikiza, Salha," akaendelea. "Hata kwetu wamama walikuwa na chama ya mazishi. Mimi naelewa. Lakini meneja wangu hawezi kuelewa mdomo. Leta karatasi. Majina ya hao wamama na sahihi zao, risiti za watu mmezika, na barua ya huyo mwenye ako na pesa sasa."

"Hatuna."

"Miaka saba na hamna karatasi?"

"Tuna daftari."

"Hiyo daftari iko na nini?"

"Tiki."

Akafunga begi lake. Akasema hospitali inakihitaji kitanda, kwa hiyo watanipeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kitanda cha wiki sita ambacho hospitali itakilipia. Wiki ya sita ikiisha, ama nirudi nyumbani na makea wa kaunsili, ama nibaki pale kwa pesa zangu. "Za mawazo," nikamwambia. Akasema, "Eeh, hizo."

Nyumba ile ilikuwa mwisho wa mji, mabasi mawili kutoka stesheni. Nilikuwa mtu wa pekee mwenye meno yote. Jirani yangu wa kushoto aliniita kwa jina la dada yake na kila asubuhi aliniuliza mama amekufa lini. Tuliketishwa sebuleni mbele ya televisheni kuanzia saa nne, viti vimepangwa ukutani, na mhudumu anapita na chai ya vikombe vya mdomo kama vya watoto. Nilikuwa na kikombe kama cha Ilham, rangi tu tofauti.

Jumapili ya pili Mwana alimleta Ilham. Alikuwa amenenepa, amesukwa vizuri, ana kikuku cha fedha ambacho si mimi niliyemvisha. Mwana alimweka mapajani mwangu akamshika kwa nyuma maana mimi sikuweza. Ilham aliniangalia kwenye shimo la koo. Akageuka, akanyoosha mikono kwa shangazi yake, akasema, "Mama."

Mwana akaharakisha kusema, "Anamwita kila mtu hivyo, wifi. Hata mtu wa posta kamwita."

"Sawa," nikasema.

"Wallahi, wifi."

"Nimesema sawa."

Tangu siku hiyo nikawa sili vizuri. Nilikuwa nahesabu. Wiki nne na siku tano. Wiki nne na siku nne.

Bi Zuhura alikuja na supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Alijitandikia khanga mapajani, akaniwekea taulo kidevuni, akaanza kunilisha kijiko kwa kijiko kama mtoto, na hapo hapo ananikatalia.

"Fungua mdomo. Barua siandiki, mwanangu."

"Bi Zuhura, pesa si ziko kwako?"

"Ziko kwangu. Meza. Mimi serikali inaniongezea pensheni kwa kuwa sina kitu, nyumba wananilipia. Nikiandika kwa mkono wangu kuwa nina elfu thelathini na moja, wananitoa. Nikalale wapi? Kwa mwanangu Leicester, ambaye mkewe akiniona anakumbuka kuwa ana safari?"

"Sema ni za watu."

"Wewe si ulisema? Wamekuamini?"

Nikapokea kijiko.

"Basi meza," akasema, na machozi yakamshuka huku akinijazia kijiko kingine.

Nassor alianza kuzunguka na karatasi siku zake za mapumziko. Orodha ilikuwa na majina arobaini na tatu. Alirudi na sahihi saba. Wengine walisema wataongea na waume zao. Wengine wanapokea misaada na hawataki jina lao lifike kaunsili kwa lolote. Mmoja alimjibu kupitia spika ya mlangoni, "Nani? Mume wa Salha? Salha mwenyewe yupo?" Nassor akasema hayupo, anaumwa. "Basi na mimi sipo."

Sikuwalaumu wote. Nilimlaumu huyo wa spika, na namlaumu mpaka leo.

Wiki ya nne tukagombana. Nassor alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, ananuka makatoni.

"Nimechoka kubembeleza," akasema. "Nitamwambia Bi Zuhura azirudishe. Tuzitumie, zikishuka kaunsili ianze kulipa. Tutazirejesha kidogo kidogo."

"Kwa miaka mingapi?"

"Sijui."

"Akifa mtu kesho?"

"Salha, mtoto wako hakujui. Hilo ndilo linalokufa kesho."

Nilimwambia akizigusa zile pesa asije tena. Aliondoka bila ya kunisogezea mto. Hakuja siku mbili, na nitasema ukweli: siku hizo mbili nililala nikijifanyia hesabu ileile aliyoifanya yeye. Pauni hamsini kwa mwezi. Sitini. Nilifika mahali nikasema akija nitamwambia haya, chukua. Siku ya tatu alikuja na machungwa na hakuna kati yetu aliyelitaja tena, yeye akidhani mimi ni mkali na mimi nikimwacha adhani hivyo.

Wiki ya tano, asubuhi ya Ijumaa, Bi Kazija akafa. Alikuwa mwanachama wetu tangu mwaka wa kwanza, mama mwembamba wa Pemba aliyekuwa akilipa pauni zake kumi kwa sarafu. Mwana alinipigia simu, mfanyakazi akanishikia sikioni.

Nitaliandika hili kwa sababu sitaki kuficha kitu. Wifi yangu aliposema, "Bi Kazija katutoka," kitu cha kwanza kilichonijia si dua. Nilifikiria risiti.

Bi Zuhura alimwosha siku hiyohiyo. Mwenye gari la maiti hakutaka pesa taslimu, wala wenye makaburi. Walitaka zitoke benki na walitaka jina la anayelipa. Bi Zuhura alilipa kutoka akaunti yake, elfu tano na mia, kwa jina lake, kisha akanipigia mwenyewe.

"Salha. Nimeshamlipia Kazija kwa jina langu. Wakitaka kuniona washaniona. Huyo Mhindi wako anakaa wapi?"

"Bi Zuhura, na nyumba yako?"

"Nimemwosha mtu leo. Usiniulize mambo ya nyumba."

Kwenye kisomo cha siku ya tatu sikuweza kwenda, nikafunguliwa simu ya video. Mtu aliisimamisha kwenye birika, nikawa naona magoti tu, mabuibui na mikono inayopokezana juzuu. Kisomo kilipokwisha nikasikia sahani zinapangwa, na juu ya sahani nikasikia sauti ya Bi Zuhura.

"Ubwabwa hautoki. Kuna karatasi inazunguka hapa. Kila aliyekula kiapo kuwa akifa azikwe na mfuko huu aandike jina lake, anuani yake na miaka aliyolipa."

"Bi Zuhura, ndani ya msiba?" mtu akauliza.

"Wapi tena? Kazija kazikwa na pesa hizi. Aliyezitunza yuko kwenye nyumba ya wazungu analishwa kwa kijiko. Wewe unayeogopa sahihi, utaniogopa mimi nitakapokuosha?"

Halafu mtu akacheka, mmoja, wa pembeni, na ile karatasi ikapita mbele ya simu ikiwa juu ya sinia. Niliona kalamu ikibadilisha mikono, mikono ya hina, mikono ya mikunjo, mmoja una plasta. Sahihi thelathini na sita. Sita hawakutia mpaka leo, na bado ni wanachama wetu, na wakifa tutawazika.

Raya, binti wa Bi Kazija, ndiye aliyeniletea bahasha. Ndani mlikuwa na risiti ya kaburi la mama yake, risiti nyingine moja waliyoipata kwa wenye makaburi ya mtu tuliyemzika miaka iliyopita, karatasi ya majina, na barua ya Bi Zuhura aliyoandikiwa na mjukuu. Raya alikuwa bado na macho ya msiba. Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia nilichokifikiria pale nilipopewa habari.

"Usiniambie hayo leo, dada Salha," akasema. Akaiweka bahasha kwenye kabati langu, akainyoosha kona, akaondoka.

Nikawa nasubiri. Saa zilisogezwa mbele, jioni zikawa ndefu, na nilizichukia kwa urefu wao. Mama wa Kisumu alipokea karatasi, akasema zinakwenda kwa meneja. Siku tisa. Siku sita. Meneja yuko likizo. Siku nne. Kila gari likisimama nje nadhani ni la posta. Wafanyakazi wa pale wakaanza kuniuliza kama nataka kupaka rangi chumba changu.

Barua ilifika zimebaki siku mbili, Nassor akiwa hapo. Aliisoma amesimama, midomo inacheza, halafu akaisoma tena amekaa. Walikubali kwamba pesa zile nilikuwa nimewashikia watu, na kwamba kuzirejesha kwa wenyewe hakukuwa kukwepa kulipa. Makea wawili, mara nne kwa siku, nyumbani kwangu. Mchango wangu utakatwa kwenye msaada wa ulemavu kila wiki, hata hilo hawakuliacha. Bi Zuhura naye aliitwa, akaenda na karatasi zilezile. Walimsumbua wiki tatu kisha wakamwachia. Wiki tatu hizo amezeeka, na hilo nalo ni langu.

Wewe unayesoma, mfuko wenu upeni jina lake benki hata kama mtu atacheka. Andikeni katiba ya ukurasa mmoja. Wawe watia sahihi watatu, na kila risiti ipigwe picha. Na ukiwa mgonjwa na unataka kurudisha amana, irudishe, lakini mtu akuandikie hapohapo kitandani ni ya nani na kwa nini, nesi atie sahihi. Nenda pia kwa watu wa ushauri wa bure kabla kaunsili haijaja, usiende baada yake kama sisi.

Nilirudi Barking siku ya jua. Kitanda cha hospitali kilikuwa kimeshaijaza sebule. Mwana alikuja na Ilham na begi la nguo zake, akakaa nasi siku tatu ili mtoto azoee. Ilham alikuwa na mwaka na mwezi mmoja, anatembea kwa kushika vitu, na kila nikimwita anajificha nyuma ya magoti ya shangazi yake. Siku ya nne tulikubaliana Mwana aondoke mtoto akiwa amelala mchana, asiage. Nilimsikia kwenye ngazi akisimama. Alikaa pale muda mrefu, nadhani amejiziba mdomo na mtandio, kisha mlango ukafungwa taratibu.

Ilham aliamka saa tisa. Nassor alikuwa amechukua likizo, alikuwa jikoni anapika uji. Mtoto alianza kutafuta. Alishika ukuta, akaenda chumbani, akaenda chooni, akarudi, akaita "Mama" mbele ya mlango wa nje, akaupigapiga kwa kiganja. Mimi niko kwenye kiti cha magurudumu katikati ya sebule, nimefunga kinywa, kwa sababu kea mmoja aliniambia asubuhi ile nisimwite. "Mwache aje," alisema.

Alilia mpaka sauti ikamwisha. Kisha akatambaa, taratibu, akiwa na makamasi, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni. Akafika kwenye kiti. Akakaa chini, akaegemeza mgongo wake kwenye kiti, akatia kidole gumba mdomoni.

Miguu yangu ilikuwa bado haina hisia. Niliinama kadiri shingo ilivyoniruhusu, na ni kwa macho tu nilijua kwamba mwanangu amekaa juu ya miguu yangu.